Mpini wa Heldur

Kazi yangu ni meno ya bandia.
Najua kinywa hakivumilii:
ukizidisha unene wa karatasi
mgonjwa atarudi Jumatatu, kashika shavu.

Kwa hiyo Urmo aliponipa bastola ya klabu,
ile ya marehemu Heldur, mpini wa mti wa jozi,
niliifumbata kama mwanamke aliyevaa buti la mumewe
kwenda kumwaga takataka thelujini.
Kiganja kilizama.
Kidole cha shahada kilinyooka, kikanyooka tena,
kikaambulia kifyatulio kwa ncha ya ukucha.

"Utazoea," akasema Urmo.

Mkono hauzoei. Mkono huomba radhi,
hujipinda, hutafuta,
ncha ya kidole ikasukuma chuma kushoto
na risasi zikafuata:
saba, saba, sita,
zote upande mmoja wa shabaha
kama kondoo waliokimbia mvua.

Kuna orodha ya mipini kutoka Ujerumani:
mkubwa, wa kati, mdogo.
Mdogo wao ni mwanamume mfupi.
Nilijipima, kutoka panda ya dole gumba
hadi nyama ya pingili ya kwanza:
nyanda nne kasoro.
Heldur alidai tano.
Na bei, nusu ya mshahara wangu, bado posta.

Basi nikafungua skrubu mbili.
Chuma kilibaki kabatini chini ya shule, ufunguo kwa Urmo;
mpini nikaupeleka maabara mle Rakvere,
jioni, baada ya taji la mwisho la siku.
Nikaufunika kwa karatasi ya buluu,
ile ambayo wagonjwa huing'ata,
nikakaza mkono.
Palipochafuka ndipo palipozidi.

Tupa nilianzia mgongoni mwa mpini.
Vumbi la jozi linanuka chai iliyosahauliwa.
Ondoa kidogo, shika.
Ondoa kidogo, shika.
Jino lililosagwa mno halirudi,
nilikwenda kwa woga huo huo.

Kisha mbele, mahali pa vidole,
tupa ikateleza. Si mbao tena.
Tuta la lipu ya kijivu, gumu, limepakwa rangi ya jozi,
limekaa pale pale ambapo kidole changu cha pete
kilikuwa kinasukumwa nje tangu siku ya kwanza.
Nikadhani fundi mbaya.
Nikalikwangua, na chini yake
alama ya dole gumba la mtu, mistari yote,
na nafasi ya vidole vitatu.

Vitatu.

Nilipiga simu. Urmo akashangaa:
"Hukujua? Msumeno, kiwanda cha mbao,
kabla hata hajaoa."

Heldur nilimtengenezea meno ya juu, seti nzima.
Alikuja mara tano, akaketi mbele yangu
mikono magotini.
Mimi nilikuwa natazama kinywa.

Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Hapa kimoja ndicho kivutacho,
vingine kazi yake ni kutulia,
na kisichokuwepo nacho
lazima kijazwe, la sivyo vilivyobaki
vitahangaika kukitafuta.

Nililikata tuta. Ninacho kidole cha pete,
kingekaa wapi?
Bega la chini nikalipandisha upana wa punje ya mchele,
na shimo nililochimba kwa pupa karibu na gumba
(ndiyo, nilichimba kwa pupa, saa sita usiku)
nikaliziba kwa nilichokuwa nacho:
akriliki ya meno, rangi ya ufizi.
Msasa. Nta. Msasa tena.

Urmo alicheka hadi akakohoa.
"Umempa bastola ulimi."

Tallinn, mwezi wa pili, mwamuzi mwenye koti jembamba
aliiingiza kwenye sanduku lake la vipimo.
Ilipita, ikikwaruza kidogo.
Akaupapasa ule uwaridi kwa kidole, mara mbili,
akainua macho,
akanitazama meno.